Elimu kwa Umma: A. M. Jeevanjee, Bustani Yake na Nyaraka Zake

Tangu tuanze kuwahimiza wananchi walete makavazini barua, picha na daftari za hesabu walizorithi, jina la Jeevanjee, mfanyabiashara Mhindi wa enzi ya ukoloni, limekuwa likirudi kwenye kaunta yetu kuliko jina lingine lolote. Kuna wanaotaka hati miliki ya bustani yenye jina lake jijini Nairobi, kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu. Kuna wanaoomba faili la "yule Mhindi aliyeleta Wahindi wote Kenya", na wakiambiwa halipo wanaandika malalamiko kwamba tumelificha. Hatujaficha kitu. Faili hilo halipo kwa sababu jambo lenyewe halikutokea.

Wahindi walikuwa wakifanya biashara Mombasa, Lamu na Unguja karne nyingi kabla ya reli. Forodha ya Sultani wa Zanzibar iliendeshwa kwa miaka mingi na nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Alibhai Mulla Jeevanjee, Mwislamu wa jamii ya Bohora aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, alifika Mombasa mwaka 1890 hivi, akiwa tayari amewahi kufanya biashara Australia. Aliikuta jamii ya Wahindi ipo, ina misikiti na mahekalu yake.

Kilichomtofautisha na wenzake ni zabuni. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala eneo hili, na baadaye serikali ya Protektoreti, yaani ya ulinzi wa Uingereza, zilihitaji mtu wa kuleta vibarua, chakula na vifaa, na yeye aliweza. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, kampuni yake ilikuwa miongoni mwa mawakala wa kuajiri wafanyakazi kutoka Bara Hindi. Kwa jumla waliletwa kwa mkataba watu 31,983. Kati yao 2,493 walifariki, maelfu walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema, na waliobaki Afrika Mashariki baada ya kazi ni 6,724. Ninawaomba walimu waitazame tarakimu hiyo ya mwisho. Wengi wa Wahindi ambao wajukuu wao ni Wakenya leo hawakutokana na makuli wa reli. Walikuja kwa nauli zao wenyewe, wakafungua maduka, wakafanya kazi za ukarani na ufundi. Hili tunalirudia kila mwaka, na kila mwaka tunaletewa insha zinazosema kinyume chake.

Fedha za zabuni zilimjengea Jeevanjee majengo Mombasa na Nairobi, likiwamo soko lililobeba jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alianzisha gazeti Mombasa, African Standard, akaliuza mwaka 1905 kwa Wazungu wawili, Anderson na Mayer. Hilo ndilo gazeti ambalo leo mnalisoma kwa jina la The Standard. Ni jambo la kusikitisha, kwa maoni yangu, kwamba baada ya kuuzwa lilikuwa kwa miongo kadhaa sauti ya walowezi waliompinga yeye na watu wake.

Siasa zake zilitokana na ardhi. Lord Elgin, Waziri wa Makoloni wa Uingereza kati ya 1905 na 1908, alikubali kwamba ingawa sheria haingetamka ubaguzi, kiutendaji Wahindi wasipewe ardhi kwenye nyanda za juu, walizotengewa walowezi wa Kizungu. Tajiri aliyekuwa ameijengea serikali ofisi zake akajikuta hawezi kupewa shamba huko. Baraza la Kutunga Sheria lilianza kukutana mwaka 1907 bila Mhindi hata mmoja. Baada ya madai mengi, Jeevanjee aliteuliwa mwaka 1909, mjumbe wa kwanza asiye Mzungu. Aliteuliwa na serikali. Hakuchaguliwa kwa kura, kama wengi wanavyodhani. Alikuwa peke yake kati ya Wazungu, na Kiingereza chake hakikuwa cha kubishania vifungu vya sheria. Hakudumu barazani. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia baraza hilohilo mwaka 1944, yaani miaka 35 baadaye. Katikati ya hapo, walioitwa wasemaji wa Waafrika barazani walikuwa Wazungu, wengi wao wamishonari.

Mwaka 1910 Jeevanjee alikwenda London kueleza malalamiko ya Wahindi, na alipokuwa huko akalieleza gazeti moja kuwa angependelea eneo hili liunganishwe na Himaya ya India na kuendeshwa kwa sheria za India. Waandishi wa hotuba hupenda kuliruka jambo hili. Yeyote anayetaka kumwita Jeevanjee mtetezi wa Waafrika aanze hapo. Alitetea haki ya Mhindi kuwa sawa na Mzungu ndani ya dola ya Kiingereza, na aliitetea kwa ujasiri, kwa fedha zake, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kujiharibia zabuni. Ila katika dai lile la London, mwenye nchi hakuulizwa. Na yeyote anayetaka kumtupa kwa sababu ya dai hilo ajue pia kwamba alikuwa akiwajibu watu waliokuwa wakidai hadharani nchi hii iwe ya Mzungu milele. Mambo yote mawili yalitokea, na mtu alikuwa huyohuyo mmoja.

Kongamano la Kitaifa la Wahindi wa Afrika Mashariki lilipoanzishwa Mombasa mwaka 1914, yeye ndiye aliyekuwa rais wa kwanza. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi ya 1915 ikampa Gavana uwezo wa kuzuia uuzaji wa ardhi kati ya watu wa rangi tofauti, na ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999. Mapambano yakaendelea hadi Waraka wa Devonshire, tamko la sera la serikali ya Uingereza, wa Julai 1923. Waraka huo ulitamka kuwa maslahi ya Waafrika yatangulie, ukawabakishia Wazungu nyanda za juu, na ukawapa Wahindi viti 5 vya kuchaguliwa dhidi ya 11 vya Wazungu. Jeevanjee hakuambulia alichokidai London.

Kufikia hapo uongozi ulikuwa umeshahamia kwa kizazi kingine. Manilal Desai, karani wa sheria aliyewasili Nairobi mwaka 1915, ndiye anayestahili sifa nyingi ambazo wananchi humpa Jeevanjee. Desai ndiye aliyechapisha gazeti la East African Chronicle na kumfungulia Harry Thuku, mwanasiasa Mwafrika wa Nairobi, ofisi na mtambo wa kuchapia, kabla Thuku hajakamatwa Machi 1922. Desai alifariki Bukoba mwaka 1926. Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana.

Sasa bustani. Aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, kiwanja cha ekari 5 hivi, na ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 1991 ulipotolewa mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani hadi mpango ukaachwa. Wanaokaa pale leo kusikiliza wahubiri wa saa sita au mijadala ya Bunge la Mwananchi, baraza la wazi la raia wa kawaida, wanakalia ardhi iliyookolewa na raia waliojitokeza kuitetea. Mwaka 2015 sanamu ya Malkia ilivunjwa. Naelewa hasira dhidi ya ukoloni, lakini kuharibu mnara wa kihistoria ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Aliyevunja na aliyeandika rangi juu yake, wote wanaweza kushtakiwa, na adhabu ni faini au kifungo, au vyote viwili.

Makavazi hayatoi hati miliki. Anayetaka kujua umiliki wa kiwanja chochote aombe upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi, akiwa na nambari ya kiwanja, kitambulisho na ada. Kwetu utapata mawasiliano ya serikali, kumbukumbu za vikao vya Baraza tangu 1907 na Gazeti Rasmi tangu 1899. Nyaraka za umma hufunguliwa zikitimiza miaka 30, kwa hiyo za enzi ya Jeevanjee zilifunguliwa zamani. Barua za Gavana kwenda London ziko kwenye Makavazi ya Taifa ya Uingereza, Kew, katika mfululizo wa faili za Ofisi ya Makoloni uitwao CO 533. Kutulaumu sisi kwa kuwa haziko Nairobi hakuzirudishi.

Utaratibu wa kusoma ni huu. Jisajili ukiwa na kitambulisho au pasipoti. Tafuta nambari ya faili kwenye orodha kabla ya kujaza fomu ya ombi, kwani fomu iliyoandikwa "Jeevanjee" pekee hurudishwa. Tumia penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi mezani. Mkoba, chakula na maji hubaki nje. Picha hupigwa kwa kibali. Faili hurejeshwa siku hiyohiyo, kurasa zikiwa katika mpangilio uleule. Kuchomoa ukurasa, hata mmoja, ni kosa la jinai, na atakayepatikana hafungiwi tu chumba cha kusomea, bali hukabidhiwa polisi.

Wenye nyaraka nyumbani, hasa familia za wafanyabiashara wa zamani wa Mombasa, Nairobi na Kisumu: msikate pembe zilizoliwa na mchwa, msibandike selotepu, msipige pasi. Daftari la Kigujarati lisilosomeka kwenu linasomeka kwa wataalamu, kwa hiyo lisiuzwe kwa kilo. Wekeni kila kitu katika sanduku kavu kama mlivyokikuta, andikeni kwenye karatasi ya pembeni kilikuwa cha nani na kilitunzwa wapi, kisha mtupigie simu kabla ya kukisafirisha. Msikipeleke nje ya nchi bila kibali, hata kama mnunuzi amekwisha kulipa. Anayetaka kubaki na asilia tutamnakilia na kumrudishia, na makubaliano yatatiwa saini na pande zote mbili siku ya makabidhiano.