Maana ya TREADWEAR, na jinsi inavyokusaidia kuchagua tairi la gari la spoti

Ubavuni mwa matairi mengi ya gari dogo, pembeni kidogo ya jina la kampuni na saizi, kuna mstari wa maandishi madogo ambao wanunuzi wengi hawausomi: TREADWEAR 300 TRACTION AA TEMPERATURE A. Kama una Altezza, Impreza WRX au gari lingine la jamii hiyo hapa Arusha au kule Moshi, mstari huo una habari nyingi kuliko kashata, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, ingawa kashata ndicho kitu cha kwanza muuzaji anachokuonyesha.

Tredwea ni namba inayokadiria mpira wa tairi utachukua muda gani kuisha. Utaratibu wake ni wa serikali ya Marekani. Tairi linafungwa kwenye gari na kuendeshwa kwenye barabara za kawaida za magharibi mwa Texas kwa takriban kilomita 11,500, likiwa pamoja na tairi maalumu la kulinganishia, kisha inapimwa kashata imepungua kiasi gani. Kipimo cha msingi ni 100. Tairi la 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya hicho katika jaribio lile lile, na la 400 mara nne.

Ukiishia hapo utaona bora kununua la 500 na kusahau habari za matairi kwa miaka. Lakini mpira unaodumu sana kwa kawaida ni mgumu, na mpira mgumu haushiki barabara vizuri. Mpira laini hujibana kwenye vinyweleo vya lami, unashika, na kwa kushika huko unalika. Turbo, breki kubwa, springi ngumu, vyote ulivyolipia kwenye gari la spoti vinafika barabarani kupitia sehemu ya tairi inayogusa lami, ambayo kwa kila gurudumu ni kama upana wa kiganja. Ukiweka mpira mgumu pale, umelifunga gari mikono, na kibaya zaidi umerefusha umbali wa kusimama.

Kwa mifano, Toyo Proxes R888R ina tredwea ya 100: hilo ni tairi la siku ya mashindano ambalo limeruhusiwa tu kupita barabarani. Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova AD09 zina 200. Michelin Pilot Sport 4S ina 300. Kuanzia 400 kwenda 600 na zaidi unaingia kwenye matairi ya safari za familia, tulivu na yanayodumu.

Kwa maisha ya huku, mimi nasema tafuta kati ya 280 na 400. Matairi ya 200 ni matamu kwenye lami kavu na safi, lakini gari letu linatoka Njiro au Moshono, linapita kipande cha vumbi na kokoto, ndipo linaifikia lami. Mpira laini unaokota kokoto hizo na kuzirusha kwenye bodi. Tena mengi ya kundi hilo huwa na mifereji michache, kwa hiyo masika yanapoanza Machi, maji yakisimama barabarani, hayana pa kuyapeleka na gari linaanza kuelea. Kwa mtu anayekwenda Moshi na kurudi kila wiki, mvua ni jambo la kufikiriwa kabla ya kona.

Kuna tahadhari moja. Kila kampuni hujipangia namba yake kutokana na majaribio hayo, na nyingine hujiwekea chini ya uwezo halisi. Kwa hiyo 320 ya kampuni moja si lazima iishe kabla ya 360 ya nyingine. Namba inalinganisha vizuri matairi ya kampuni moja. Kati ya kampuni na kampuni ichukue kama mwelekeo tu.

TRACTION ni jinsi tairi linavyosimama kwenye barabara yenye maji, kutoka AA, A, B hadi C. Inapimwa kwa kufunga breki gari likienda moja kwa moja, haisemi lolote kuhusu kona. Kwa gari la spoti usishuke chini ya A. TEMPERATURE ni uwezo wa kuhimili joto kwenye mwendo mkubwa, na hapo chukua A bila mjadala.

Sasa, kuna matairi ambayo hayana namba ya tredwea kabisa. Mengine ni ya soko la ndani la Japani, hayana tatizo lolote kwa hilo. Lakini mengine ni ya theluji, ambayo utaratibu ule hauyahusu, na haya ndiyo yanayowaumiza watu wengi wa huku bila kujua. Yanakuja na magari ya mtumba, au yanauzwa yenyewe kwenye marundo ya kando ya barabara, yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa. "Kaka, ona kashata hizo, jipya kabisa!" Na kweli kashata ni nene. Liangalie kwa karibu: kila kipande cha kashata kimechanjwa michirizi myembamba ya mawimbi, kama nywele. Bonyeza kwa ukucha, mpira unaingia kirahisi. Ubavuni limeandikwa STUDLESS, au lina alama ya mlima wenye chembe ya theluji ndani, au jina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx. Ni matairi bora sana kwa Hokkaido. Kwenye lami ya Moshi saa nane mchana kashata zile zinayumba, usukani unakuwa mzito kujibu, breki zinarefuka, na mpira unaisha upesi.

Kinyume chake, mpira wa tairi la spoti la majira ya joto huanza kukakamaa halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Asubuhi za Julai hapa Arusha ni za sweta, lakini kwa kawaida mjini hatufiki huko. Kwa hiyo huna sababu ya kununua tairi la misimu yote kwa kuogopa baridi ya Meru.

Saizi nayo inahitaji akili kidogo. Chukua 215/45R17: upana milimita 215, urefu wa ukuta (ubavu wa tairi) asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17. Ukuta wake ni kama milimita 97. Ukishuka rimu 16 kwa 205/55R16 unapata ukuta wa milimita 113, na kipenyo chote kinatofautiana kwa milimita 7 tu hivi. Kwa mashimo na matuta yetu, milimita hizo 16 za ziada zinaokoa rimu na kupunguza tairi kuvimba ubavuni, alimradi rimu ndogo haigusi breki. Gari lililoshuka rimu moja bado linakata kona vizuri. Lenye rimu iliyopinda halikati kona yoyote.

Baada ya saizi huja kitu kama 87W. Hiyo 87 ni mzigo, kilo 545 kwa tairi, na W ni mwendo wa juu wa kilomita 270 kwa saa. V ni 240, H ni 210. Hakuna anayehitaji 240 kwenye barabara yenye maeneo ya mwendo wa 50, ila usishuke chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari, maana herufi hiyo inahusu pia jinsi tairi linavyostahimili joto.

Kisha tafuta ubavuni mstari unaoanza na herufi DOT, na usome tarakimu zake nne za mwisho: ni tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, kwa hiyo tredwea ya tairi kuukuu haina maana tena. Chungulia kati ya kashata. Ukiona mipasuko midogo, acha.

Mwenye Subaru inayosukumwa na magurudumu yote anunue manne kwa pamoja, aina moja. Mapya mawili na makuukuu mawili hutofautiana mzunguko, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inahangaika muda wote kusawazisha. Mwenye Altezza anaweza kuanza na mawili, lakini mapya yafungwe nyuma, maana mkia ukiteleza kwenye mvua ni vigumu kuurudisha. Mwambie fundi afuate mshale wa ROTATION au neno OUTSIDE, afanye balansi na alaimenti siku hiyo hiyo, na upepo ujazwe kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva, matairi yakiwa baridi. Kilomita mia chache za mwanzo endesha taratibu, kwa sababu uso wa tairi jipya huwa na utelezi uliobaki kiwandani.