Homa ya ini C kwa watoto: dhana zilizopitwa na tiba

Dhana inayorudiwa zaidi ni kwamba mtoto mwenye homa ya ini C sugu (iliyokaa mwilini kwa muda mrefu) asubiri akue ndipo atibiwe. Haikuzuka hewani. Kwa miaka mingi tiba iliyokuwapo ilikuwa sindano za intaferoni zilizochomwa kila wiki kwa wiki 24 hadi 48 pamoja na vidonge vya ribavirini, huku mtoto akipata homa, akipungua uzito na ukuaji wa kimo chake ukizorota. Daktari aliyesita kuzianza alikuwa na sababu. Lakini mwaka 2017 Marekani iliidhinisha kwa watoto wa miaka 12 na zaidi dawa za kumeza zinazovizuia virusi vyenyewe kuzaliana, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa za aina hiyo kuanzia umri wa miaka 3. Matibabu kwa kawaida huchukua wiki 8 au 12, na zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona kabisa.

“Mbona anacheza vizuri tu?” huuliza mzazi, na ni kweli kwamba watoto wengi hawaonyeshi dalili yoyote, hata vimeng’enya vya ini (protini ambazo hupanda kwenye damu ini likiumia) vikipimwa vikaonekana vya kawaida. Hata hivyo makovu yanaweza kujijenga kwenye ini polepole bila maumivu.

Wapo wanaoamini kwamba kila mtoto wa mama mwenye virusi hivi huzaliwa navyo. Wanaoambukizwa ni takriban 5 au 6 kati ya 100, na baadhi yao virusi huondoka vyenyewe katika miaka ya mwanzo, ndiyo maana matibabu hayaharakishwi kabla ya miaka 3. Kingamwili za mama, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, hubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18 hivi, kwa hiyo kipimo cha kingamwili kabla ya hapo hakithibitishi maambukizi. Kinachothibitisha ni kipimo cha virusi vyenyewe.

Dhana ninayoiona ya hatari zaidi ni ile ya kukata kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Dozi hufuata uzito: kwa mchanganyiko wa sofosbuviri na velpatasviri, mojawapo ya dawa hizo za kumeza, mtoto wa kilo 30 au zaidi humeza miligramu 400 za ya kwanza na 100 za ya pili kama mtu mzima, na wa kilo 17 hadi chini ya 30 humeza nusu yake. Kwa wadogo zipo chembechembe zinazonyunyizwa juu ya kijiko cha chakula laini kisicho cha moto wala kichachu, na mtoto huzimeza bila kutafuna, kwa kuwa akizitafuna uchungu wake humfanya azikatae kesho yake (na mzazi aliyewahi kupambana na kijiko hahitaji maelezo zaidi).

Dawa hizi kuwa salama hakumaanishi zichanganywe na chochote. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na kabamazepini na fenitoini za kifafa, hupunguza nguvu ya dawa hizi. Aidha mtoto hupimwa kwanza homa ya ini B, kwani virusi vyake vinaweza kuamka wakati wa matibabu.

Mwisho, wengi hudhani aliyepona hawezi kuambukizwa tena. Anaweza, na chanjo haipo. Kupona huthibitishwa virusi visipoonekana wiki 12 baada ya dozi ya mwisho. Kingamwili hubaki kwa miaka mingi, kwa hiyo matokeo hayo yaandikwe kwenye kadi yake, ili atakapopimwa kingamwili baadaye asidhaniwe bado ni mgonjwa.