Chai ya kukata tumbo si ya mwanafunzi

Wazazi wanaolalamikia chai, vidonge na mikanda ya "kukata tumbo" sasa wanawataja wanafunzi wa sekondari, si watu wazima tu. Basi tuelewane.

Balehe humwongezea msichana mafuta kwenye nyonga, mapaja na chini ya kitovu. Hiyo ni kazi ya homoni, si ya chipsi. Kijana anayesimama mgongo umebonyea kiunoni na makalio yamebinuka, tumbo lake hutokeza hata akiwa mwembamba. Siku za kuelekea hedhi tumbo hujaa, na choo kigumu nacho hulijaza. Mazoezi ya tumbo hukaza misuli, ila hayachagui mafuta ya kuyeyusha. Mkanda wa kubana husukuma tumbo ndani, huleta kiungulia na kubana pumzi. Ukifunguliwa, tumbo ni lilelile.

Chai nyingi za aina hii zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya choo. Hufanya kazi kwenye utumbo mpana baada ya saa 6 hadi 12, ndiyo maana muuzaji husema inywewe usiku. Uzito unaopungua asubuhi ni maji na kinyesi. Chakula kilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Anayeinywa wiki baada ya wiki hupoteza potasiamu, madini yanayohitajika na misuli na moyo; misuli hulegea, mapigo ya moyo huvurugika. Akiacha, choo hugoma na tumbo hujaa, naye hukimbilia kununua tena. Nyingine huchanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Jina lake halimo kwenye lebo. Neno "asilia" si cheti cha usalama, na tumechoka kulirudia hili.

Mwenye wasiwasi apime. Chukua futi ya fundi cherehani, tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, zungusha katikati ya hapo, juu ya ngozi, bila kukaza. Toa pumzi kawaida ndipo usome. Kipimo kisifike nusu ya urefu: mwenye sentimita 156, kiuno kiwe chini ya 78. Kile kiwango cha 18.5 hadi 24.9 cha uzito kwa urefu (BMI) ni cha watu wazima. Kijana hupimwa kwa chati za Shirika la Afya Duniani (WHO) za miaka 5 hadi 19, zinazoangalia umri na jinsia.

Yapo matumbo ya kupelekwa kituo cha afya: linalokua huku mikono ikikonda, gumu upande wa kushoto chini ya mbavu, hasa kwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria penye kichocho, au la msichana ambaye hajavunja ungo lakini huumwa chini ya kitovu kila mwezi. Vilevile kijana anayeruka milo, anayejitapisha au ambaye hedhi yake imekatika. Huyo msimtanie.

Kwa wauzaji: chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, Sura 219, kuuza dawa isiyosajiliwa ni kosa, hata kwa simu na hata kama wewe ni wakala tu. Bidhaa hukamatwa na mhusika hufikishwa mahakamani.

Kijana akidhurika, aache mara moja, apelekwe hospitali pamoja na pakiti yenyewe, na mtoa huduma ajaze fomu ya madhara ya dawa. Andikeni jina la bidhaa, namba ya toleo, kiasi alichotumia, tarehe aliyoanza na mahali iliponunuliwa. Pakiti msiitupe: bila sampuli, maabara haina cha kupima.