Kabla kihenge hakijafungwa

Kuanzia Juni, mahindi ya Ismani na Mbozi huwa yamekauka. Turubai zimetandazwa uani, mashine za kupukuchua zinanguruma, madalali wanapita na malori. Sisi tunaofundisha elimu ya dini tunauogopa msimu huu kuliko ule wa ukame. Mahindi yakinyauka, hakuna anayehitaji kukumbushwa kuomba. Yakijaa kihenge, ndipo mtu husahau.

Ibada zimewekwa kwa sababu ya usahaulifu huo. Qurani, Taha aya ya 14, inaagiza swala isimamishwe ili Mungu akumbukwe. Wakatoliki husali Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, wana kijitabu cha mafungu ya kila siku kilichoanza kuchapwa Ujerumani mwaka 1731. Lakini leo tukae kwenye mavuno.

Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inaonya: ukila ukashiba, ukajenga nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, jihadhari usimsahau Bwana. Sura ya 26 inaleta dawa. Mkulima atie malimbuko kapuni, ampelekee kuhani, kisha (hapa wengi hupita haraka) afungue kinywa aeleze jinsi wazee wake walivyoteswa Misri, wakatolewa, wakapewa nchi. Kapu peke yake halikutosha.

Jumapili ya mavuno, madebe ya mahindi, viazi, mikungu ya ndizi na kuku hufika madhabahuni, kisha hunadiwa nje. Mnada unachangamsha, tena unalisaidia kanisa. Ila ukimeza shukrani, mtoto atarudi nyumbani akikumbuka bei ya jogoo tu. Tunashauri familia, kabla ya kubeba debe, isimuliane mwaka ulivyokwenda: mvua ilipokawia, nani aliugua wakati wa palizi, jirani gani alikuja kusaidia.

Kwa Waislamu, ukumbusho umo ndani ya hesabu yenyewe. Al-An'am aya ya 141 inataka haki ya mazao itolewe siku ya kuvuna. Nafaka ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, iliyokua kwa mvua hutolewa sehemu 1 ya 10. Iliyomwagiliwa kwa gharama, kama ya pampu, sehemu 1 ya 20. Katika gunia 40, wa mvua atatoa 4, wa pampu 2. Huwezi kupiga hesabu hiyo bila kujiuliza: maji haya nilipewa bure, au niliyatolea jasho?

Swali moja halikosi: je, aliyeuza mahindi yakiwa bado shambani? Kwa Mwislamu, kama yalikuwa yamekwisha kukomaa alipoyauza, zaka ni juu yake yeye muuzaji, si juu ya dalali. Mkristo naye apeleke sehemu ya fedha hizo, na simulizi la mwaka wake asiliache nyumbani.