Karafuu Isitangulie Pweza

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya Isha, mimi na wifi yangu tulipanda kwenye ukumbi mmoja wa juu ya paa huku Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, mahali penye viti vya mkeka na taa hafifu, ambapo taa za Forodhani huonekana kwa chini. Kazi yangu ya kila siku ni kuchanganya vinywaji, hasa visivyo na kileo, kwa hiyo sikwenda kupunga upepo peke yake.

Tuliletewa kokteli ya ukwaju, ndimu na shira ya karafuu, rangi yake mfano wa asali mbichi, pamoja na visahani vitatu: pweza aliyekaangwa kwa kitunguu thomu, kachori zenye chatne ya nazi, na maembe mabichi ya pilipili. Kilikuwa kinywaji kizuri kwa macho. Lakini baada ya mafunda matatu nilimtafuna pweza nikahisi kama ninatafuna mpira, na wifi yangu akaniuliza, "Huyu pweza hawakumtia chumvi?"

Chumvi ilikuwapo, ndimi zetu ndizo zilizokwisha kulala. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kemikali inayotia ganzi, na ndiyo sababu wazee hutia tone lake penye jino linalouma. Aliyetengeneza shira ile, kwa nilivyoionja, alizichemsha karafuu pamoja na sukari kwa muda mrefu, zikatoa kila kilichomo, mpaka ule ukali wa kukwaruza koo. Mimi huchemsha maji na sukari kwa vipimo sawa, huepua, kisha hutia karafuu tano kwa kila nusu lita na kuzitoa baada ya dakika tano. Harufu hubaki, ganzi haiji.

Ukwaju nao unataka heshima yake. Uchachu wake hutokana zaidi na asidi ya tatariki, wa ndimu na asidi ya sitriki, na viwili hivyo vikikutana bila ya kupimwa, kinywaji hukaza meno. Kwa mililita 60 za ukwaju mzito huniridhisha ndimu mililita 10 tu na shira 20, vikitikiswa kwa barafu sekunde 12 hivi, kwa sababu maji ya barafu inayoyeyuka ni sehemu ya mapishi, na barafu ya vipande vidogo huyeyuka haraka mno ikakizimua kinywaji kabla hakijafika mezani.

Nilimweleza haya kijana aliyetuhudumia, naye alisikiliza kwa adabu, akatuletea kinywaji cha mchaichai na ndimu. Baada ya muda, na maji ya kutosha, pweza akarudi na utamu wake. Ile ya karafuu tuliimalizia mwisho kabisa, pamoja na kipande cha haluwa, na hapo ndipo ilipopata mahali pake.