Laptopu Kubwa Inayojikunja: Mezani Inafaa, Mkononi Inachosha

Kazi yangu ni kutengeneza laptopu na kuwashauri watu kabla hawajanunua, na katika miaka ya karibuni swali moja limezidi kurudi: je, laptopu ya inchi 15 au 16, inayojikunja mpaka kioo kikageukia nyuma ya kibodi, inaweza kumtosha mtu badala ya kununua laptopu na kishikwambi? Jibu langu ni kwamba inaweza kuwa laptopu nzuri sana, na zaidi ya hapo inaweza kuwa ubao wa kusomea na kuandikia ambao laptopu ya kawaida haiwezi kuwa, lakini kishikwambi cha kushika mkononi haiwi. Anayeielewa tofauti hiyo mapema huridhika na alichonunua. Asiyeielewa huishia kuitumia kama laptopu nyingine yoyote, huku amelipia bawaba, mguso na kalamu ambavyo havitumii.

Shida ya kwanza ni uzito. Bawaba za kuzunguka nyuzi 360 zilipata umaarufu Lenovo ilipotoa Yoga yake ya kwanza mwaka 2012, wakati Windows 8 inaingia sokoni, na laptopu hiyo ilikuwa ya inchi 13.3 yenye uzito wa takriban kilo 1.5. Baadaye watengenezaji waliupeleka muundo uleule kwenye vioo vikubwa zaidi, na uzito ukapanda. HP Spectre x360 ya inchi 16 ina takriban kilo 2, na zile Inspiron za Dell za inchi 17.3 zinazojikunja zilikaribia kilo 2.8. Kishikwambi cha inchi 11, kwa kulinganisha, huwa na karibu nusu kilo. Hata LG Gram ya inchi 16 inayojikunja, ambayo ni miongoni mwa nyepesi kabisa katika ukubwa huo, ina karibu kilo 1.5, na mtu akiishika kwa mkono mmoja huku anasoma kitandani, mkono unachoka haraka, tena vidole vyake vinakuwa vinabonyeza vitufe vya kibodi iliyogeukia nyuma. Vitufe hivyo hujizima kioo kikishapita pembe fulani, hivyo haviandiki kitu, lakini kuvishika hakupendezi.

Microsoft ilijaribu njia nyingine. Surface Book 2 ya inchi 15, ya mwaka 2017, ilikuwa na kioo kinachochomoka kabisa, na kioo hicho peke yake kilikuwa na gramu 817 tu. Lakini sehemu kubwa ya betri ilibaki chini kwenye kibodi, kwa hiyo kioo kilichochomolewa hakikukaa na chaji kwa muda mrefu. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitoa Surface Laptop Studio, ambayo kioo chake huvutwa mbele na kulazwa juu ya kibodi bila kuchomoka. Kwangu huo ni ushahidi kwamba hata waliokuwa na uwezo mkubwa wa kubuni waliona kioo cha ukubwa huo ni kitu cha kulazwa, si cha kubebwa.

Na kikilazwa, au kikiegemezwa mezani, ndipo faida yake inapoonekana wazi. Chukua rula upime. Kioo cha inchi 16 chenye uwiano wa 16:10, yaani wa upande mrefu kwa upande mfupi, kina milimita 345 kwa upande mrefu na 215 kwa upande mfupi, wakati karatasi ya A4 ni milimita 297 kwa 210. Ukikigeuza kioo hicho kikae wima, ukurasa mzima wa A4 unaingia kwa ukubwa wake halisi, na bado zinabaki karibu sentimita 5 za vitufe vya programu. Kwenye inchi 14 za uwiano huohuo, ukurasa huo lazima upunguzwe kwa takriban asilimia 10 ili upana wake utoshe, na kwenye inchi 13.3 za uwiano wa 16:9 unashuka chini kidogo ya asilimia 80. Kwa msomaji wa riwaya hilo si jambo kubwa, kwa sababu maandishi yanaweza kukuzwa na kupangwa upya. Kwa mwalimu anayesahihisha insha zilizopigwa picha, kwa mwanasheria anayepitia mkataba uliokwisha kusainiwa, au kwa mhandisi anayesoma ramani ya nyumba yenye vipimo vya tarakimu ndogo, ukurasa hauwezi kupangwa upya, na kila asilimia inayopungua ni kukaza macho au kuvuta ukurasa huku na huku siku nzima. Watu wa kazi hizi ndio ninaowashauri kwa moyo wote wachukue kioo kikubwa kinachojikunja.

Kuna mkao mwingine ambao wanunuzi wengi hawaufikirii dukani, nao ni ule wa kibodi kulala kifudifudi mezani na kioo kusimama mbele yake. Laptopu kubwa ya kawaida yenye mguso ina kasoro ya kimaumbile: ukigusa juu ya kioo, kidole kinasukuma mbali sana na bawaba, na kioo kinatikisika kila mguso. Katika mkao huu wa kugeuza, kioo kinakaribia macho na unaweza kukilaza nyuma kidogo, hivyo mguso unakuwa thabiti zaidi, na mwalimu anaweza kuwageuzia wanafunzi wachache somo bila kibodi kuwa katikati yao. Jambo la kuzingatia ni meza yenyewe. Ifute kwanza, kwa sababu mchanga ukiingia chini ya vitufe hautoki kirahisi.

Kuhusu kalamu, hapo ndipo ninapopata malalamiko mengi. Mteja huja na kifaa kipya na kalamu aliyoazima kwa nduguye, akauliza, “Fundi, mbona hii kalamu kwa kaka inaandika na kwangu imekufa?” Haijafa. Kalamu hizi huongea na kioo kwa lugha tofauti: HP na Microsoft hutumia itifaki ya Microsoft, watengenezaji wengine hutumia ya Wacom iitwayo AES, na Samsung katika Galaxy Book3 Pro 360 yake ya inchi 16 hutumia teknolojia nyingine ya Wacom ambayo kalamu yake haina betri wala haihitaji kuchajiwa. Baadhi ya kalamu huweza itifaki mbili, lakini nyingi haziwezi. Kwa hiyo soma kwanza kifaa kinakubali ipi, kisha uangalie kama kalamu imo kwenye boksi au inanunuliwa pembeni. Angalia pia inapohifadhiwa, kwa kuwa inayong'ang'ania ubavuni kwa sumaku hubanduka kirahisi ndani ya begi na kupotea.

Sasa niseme kuhusu bawaba, kwa sababu ndizo zinazoleta vifaa hivi mezani kwangu. Bawaba hushikilia kioo kwa msuguano, na kioo kikubwa chenye tabaka la mguso ni kizito, hivyo msuguano wake lazima uwe mkali. Nguvu hiyo yote huishia kwenye skrubu chache, na katika mashine za bei nafuu skrubu hizo hukaza kwenye vipande vidogo vya shaba ya njano vilivyopachikwa ndani ya plastiki. Mtu akiwa na mazoea ya kufungua kwa kushika pembe moja, upande mmoja wa kifuniko hutangulia, mwili wote hujipinda, na polepole vipande vile hung'oka kwenye plastiki. Dalili ya kwanza ni mwanya mwembamba unaoonekana ubavuni karibu na bawaba kioo kinapofunguliwa. Ukiuona, acha kukikunja na ulete mapema, maana katika hatua hiyo mara nyingi tunaweza kuimarisha kilichopo. Ukiendelea, kinachofuata kupasuka ni kioo. Mwili wa alumini hustahimili zaidi, na kwa ukubwa huu naona inafaa kuulipia. Vyovyote vile, fungua kwa kushika katikati ya kifuniko.

Kupasuka kwa kioo ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Paneli, yaani sehemu ya kioo inayotoa picha, ya kawaida ya inchi 15.6 yenye plagi ya pini 30 hutumika katika laptopu za kampuni nyingi, ndiyo maana fundi wa Kariakoo anaweza kuipata na kuibadilisha siku hiyohiyo. Kwenye laptopu inayojikunja, paneli, tabaka la mguso na kioo cha nje kwa kawaida vimegandishwa pamoja, hivyo ufa wa juu tu humlazimu mwenye laptopu kununua seti nzima ya modeli ileile. Gharama yake inaweza kumfanya mtu ajiulize kama aongeze kidogo anunue laptopu nyingine.

Mengine ni madogo. Vioo vya mguso vingi vinang'aa na huakisi dirisha lililo nyuma yako. Kibodi zenye vitufe vya tarakimu pembeni huwafurahisha wahasibu, lakini husukuma mahali pa kuandikia kuelekea kushoto. Mwili mkubwa una nafasi ya betri kubwa, ya wati-saa (kipimo cha nishati ambayo betri hubeba) 76 hadi 83 katika modeli nilizozitaja za Samsung, LG na HP, na zote ziko chini ya kikomo cha wati-saa 100 ambacho abiria wa ndege hapaswi kukipita bila idhini.

Ukiwa dukani, hasa kwa kilichotumika, fungua ukurasa mweupe mtupu, kisha zungusha kioo taratibu kutoka kufungwa hadi nyuzi 360 na kurudi. Waya wa kioo hupita ndani ya bawaba, na ukianza kuchoka, picha hupepesa au kuzimika katika pembe moja tu, ambayo muuzaji anaweza kuikwepa asipoamua kuionyesha. Buruta kidole au kalamu kutoka kona hadi kona utafute sehemu isiyohisi. Halafu uliza bei ya seti nzima ya kioo cha modeli hiyo na itachukua muda gani kufika. Kama hakuna anayeweza kukujibu, chagua modeli nyingine.