Cherehani Mezani Nane Nane: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Agosti ikikaribia nafunga vichwa viwili vya cherehani kwenye mablanketi, najaza gunia vipande vya vitenge, naelekea maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale pale Uyole, Mbeya. Miezi mingine ni Makambako, Njombe, Mafinga, Iringa mjini, popote mwenye duka la mashine anapopanga meza na kutaka mtu wa kukaa mbele ya watu, ashone na kufundisha. Somo langu ni mfarishi, lile blanketi la viraka lenye matabaka matatu: viraka juu, kitu cha kutia joto katikati, kitambaa kizima chini. Kazi hii watu wengi wanaidhania vingine, na kwa kuidhania vibaya wanapita mezani bila kuchukua kilicho chao. Hilo linaniuma.

"Huyo ni muuzaji, ukisimama tu umenaswa"

Mashine zina mwenyewe. Mimi nalipwa kwa siku, ziuzwe tano au isiuzwe hata moja. Kwenye nchi ambako mfarishi una maonyesho yake maalumu, kama Houston na Paducah kule Marekani, au Birmingham ya Uingereza ambayo nayo huangukia Agosti kama Nane Nane yetu, wapo waelekezaji wanaolipwa na kampuni za mashine, na wapo walimu huru wanaofundisha madarasa ya kulipia. Kote huko mwelekezaji asiyejua kufundisha hadumu, maana anayekaa mbele yake mara nyingi ni mshonaji mwenye swali gumu kuliko yeye.

Kwa hiyo kaa kitini. Njoo na kitambaa kinachokusumbua nyumbani, jinzi nzito au satini inayoteleza, ushone mwenyewe kwa mikono yako. Ukinitazama mimi nikishona utajua tu kwamba mimi najua.

"Mashine ya maonyesho imeandaliwa, ya nyumbani haiwezi kushona hivyo"

Hili ndilo nalisikia kuliko yote, na ndilo linalowagharimu watu fedha.

Mwaka fulani alisimama mama mmoja aliyetoka Tukuyu. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Mimi sinunui, natazama tu." Nikamwambia kiti hakilipiwi. Akakaa, akaanza kunieleza: cherehani yake inafuma uzi chini ya kitambaa, fundo juu ya fundo, kama kiota cha ndege. Fundi amembadilishia kikopo cha bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, mara mbili. Ameishakata tamaa, yuko tayari kuiuza kwa vyuma chakavu.

Nikautoa uzi kwenye mashine yangu, nikamwomba autie yeye kama afanyavyo kwake. Akashusha kwanza mguu wa kukandamizia kitambaa, ndipo akapitisha uzi. Akashona. Kiota kikatokea pale pale, kwenye mashine mpya ya maonyesho.

Ule mguu ukiwa chini, visahani viwili vinavyobana uzi wa juu vinakuwa vimefumba. Uzi unapita pembeni yake badala ya kuingia katikati, haubanwi na chochote, unateremka kwa wingi na kujikusanya chini. Kwa kuwa uchafu unaonekana chini, kila mtu anailaumu bobini, kumbe kosa liko juu. Inua mguu, pitisha uzi, ushushe mguu, kisha uvute uzi kwa vidole: ukihisi unakataa kidogo, umeingia mahali pake. Yule mama alishona mstari mmoja safi, akakigeuza kitambaa mara tatu kuhakikisha. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka bila kununua kitu. Siku hiyo niliihesabu kuwa njema.

Jambo la pili ni sindano. Watu wanaitumia mpaka ivunjike, kana kwamba sindano nzima ni sindano nzuri. Sisi waelekezaji tunahesabu kama saa nane za kushona, kisha tunabadilisha. Sindano butu haikati njia kati ya nyuzi za kitambaa, inazisukuma, na unasikia mlio wa kugonga. Namba nazo zina maana: kwenye pakiti ikiandikwa 90/14, ile 90 ni unene wa milimita 0.9. Kwa matabaka matatu yenye vitenge juu na chini na blanketi jepesi katikati, mimi hutumia hiyo 90/14. Jinzi napanda hadi 100/16. Na unapoiweka, mfereji mrefu ulio ubavuni mwa sindano uelekee upande ambao uzi unaingilia. Ukiigeuza, mashine itaruka mishono na utamtafuta fundi bure.

La tatu ni mafuta. Tafadhali, ya cherehani tu. Ya kupikia yanaganda baada ya muda na kugeuka gundi, na Agosti pale Uyole vumbi linaingia kila mahali. Mimi kila jioni nafungua sehemu ya bobini na kufagia manyoya ya uzi kwa brashi ndogo kabla sijafunika mashine. Huko ndiko "kuandaliwa" kwa mashine ya maonyesho. Hakuna siri nyingine.

"Mfarishi ni mambo ya Wazungu"

Mwenye kulala Makete au Njombe mwezi wa Juni au Julai, umande ukigeuka barafu kwenye majani, hanihitaji mimi kumweleza faida ya matabaka matatu. Na malighafi tunaikanyaga: pita kwa mafundi wa Mwanjelwa jioni uone vipande vya vitenge vinavyofagiliwa.

Ila kuna mtego hapo. Kitenge kipya kina wanga, kikifuliwa kinarudi, yaani kinapungua, na baadhi ya rangi zinatoka, hasa nyekundu na buluu iliyokolea. Ukiunganisha kipya na cha zamani kilichokwisha rudi, mfarishi ukifuliwa mara ya kwanza unakunjamana upande mmoja, na kiraka cheupe kinageuka cha waridi. Fua kila kitambaa kabla ya kukata. Nimeona kazi ya miezi miwili ikiharibika kwenye beseni moja.

Kosa lingine ni upana wa mshono. Desturi ya viraka ni robo inchi, kama milimita 6. Ukizidisha milimita 1, kila mshono unameza milimita 2, kwa kuwa vitambaa ni viwili. Mstari wenye mishono 10 umepungua sentimita 2, na hautakutana tena na mstari wa jirani yake. Mimi hubandika utepe wa gundi kwenye bamba la mashine, milimita 6 kutoka sindanoni, kitambaa kinafuata ukingo wake.

"Wa mashine si mfarishi wa kweli, wa kweli ni wa mkono"

Mjadala huu ulikuwa mkali Marekani kwenyewe. Mwaka 1989 pale Paducah, mfarishi wa Caryl Bryer Fallert, uliodariziwa matabaka yake kwa mashine, ulipewa tuzo ya juu ya maonyesho, wa kwanza wa namna hiyo kuipata. Leo wanashindana wote, mkono na mashine.

"Bila mashine ya kompyuta hutafika popote"

Cherehani ya kukanyaga kwa miguu, Butterfly au Singer ya bibi yako, inashona mstari ulionyooka vizuri sana, na kuunganisha viraka kunataka mstari ulionyooka tu. Umeme ukikatika mezani, mashine yangu ya kompyuta inanyamaza na ile ya miguu inaendelea. Isichoweza ni zigizaga, na kwenye matabaka matatu tabaka la juu huwa linasukumwa mbele na kujikunja. Mashine za kisasa hufungwa mguu unaotembea, wenye meno yake ya juu yanayovuta kitambaa sambamba na meno ya chini. Kama huna, bana matabaka kwa pini za kufunga kila baada ya upana wa kiganja, anza kushona katikati ukielekea pembeni, na punguza kidogo mkandamizo wa mguu ikiwa mashine yako ina skrubu yake hapo juu.

Na hapa niseme kuhusu cherehani za umeme zinazotumwa na ndugu kutoka Marekani. Umeme wa huko ni volti 120, wa kwetu 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla hujaichomeka, maana bila transfoma ya kushusha inaungua mara moja. Nimeletewa mezani zilizokwisha ungua, na hapo sina la kusaidia.

"Kazi yenyewe ni kutembea na kuongea"

Kutembea ndiyo kunakochosha. Kichwa cha chuma cha zamani ni kizito kama debe la mahindi lisilojaa, na sikiweki juu ya basi wala kwenye buti, nakipakata au kinakaa miguuni pangu Mbeya hadi Iringa. Sindano inashushwa, kitambaa kinakunjwa chini ya mguu, bobini inatolewa. Mashine isilazwe, isimame.

Na kuongea si sharti. Iringa kuna Neema Crafts, karakana iliyoanza mwaka 2003, ambako wengi wa mafundi ni watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi. Mtu wa mji ule anajua kwamba kiziwi anaweza kuwa fundi. Mimi nilikuwa mgeni, nilijifunza siku kijana kiziwi alipokaa mezani kwangu. Nilianza kuhangaika na ishara nisizozijua. Yeye akaweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha mashine, akakanyaga taratibu, akasimama. Akaninyooshea sindano. Niliitoa nikaipitisha kwenye ukucha, na ncha ilikwaruza. Ilikuwa imeshapinda, na mimi mwenye masikio nilikuwa nimeshona nayo tangu asubuhi. Tukaweka mpya, akarudisha kiganja mahali pake, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kuunganisha viraka vyake.